Kadi ya Mdogo Wangu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kuzitukana. Mimi ni mzima, ila nimechoka, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza unisifu.

Mgonjwa wetu anaendelea vizuri. Jana Kibiriti alimkaripia mhudumu kwa kumletea uji wa baridi, nikajua mdogo wangu amerudi. Presha bado inapanda na kushuka, lakini kichwa hakimuumi tena, na uso umepungua uvimbe. Mtoto tulimzika Jumanne, kama ulivyosikia. Shemeji ndiye aliyemtengenezea kisanduku, kwa mbao alizokuwa ameziweka za kitanda cha mtoto huyo.

Uliuliza daktari alisema nini. Alisema ni kifafa cha mimba. Presha ilimpanda kimyakimya, mishipa ya damu ikabana na kuumia ndani kwa ndani, figo zikaelemewa, kondo likashindwa kumlisha mtoto. Alisema mama akipimwa vizuri kila kliniki, mara nyingi hugundulika kabla ya degedege.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mkwe wako ndiye aliyemponza mwanao, kwa kumwacha abebe ndoo hadi ghorofa ya tatu huku yeye akipiga randa, na kwamba Kibiriti akitoka hospitali arudi kwako, wazee wakae, ndoa iishe. Unasema pia kwamba bila mimi, nesi wa familia, ungezika wawili. Mama, yule fundi seremala analala kwenye benchi la korido siku ya tisa leo. Nilipomhimiza akaoge, alisema labda mama ana haki, labda kweli hakuangalia vizuri. Nami nilimwacha aamini hivyo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeficha hata baada ya kilio.

Kliniki yetu ina meza tatu. Ya kwanza wanapima presha na uzito, ya pili mkojo, ya tatu ni yangu, napima tumbo na kugonga muhuri kadi. Siku ile foleni ilifika getini. Kibiriti alinipigia kwamba ana haraka, ana nguo ya mteja kwenye cherehani, nikamwingiza kwa mlango wa nyuma, kama sote tunavyofanya kwa ndugu zetu. Akafikia mezani kwangu moja kwa moja. Kadi yenye pengo haigongwi muhuri, kwa hiyo nikaandika presha ya mwezi uliopita, mia na kumi kwa sabini. Mkojo nikaandika hauna tatizo. Hakupimwa chochote. Alinionyesha viatu vilivyombana, nikamwambia ni joto tu, anyanyue miguu jioni. Akanishukuru, akaenda. Siku kumi na moja baadaye akaanguka.

Wale waliosimama kwenye foleni walipimwa wote, mama. Aliyekosa ni ndugu yangu.

Leo asubuhi nimemweleza msimamizi wangu, na atakaloamua nitalipokea. Kisha nimemweleza shemeji. Hakunitukana. Aliomba kuiona kadi, akaisoma muda mrefu, akanirudishia, akaenda kukaa upande wa pili wa korido. Kibiriti nitamwambia mwenyewe siku daktari atakaponiruhusu, maana hasira nayo hupandisha presha. Kila nikimfunga kile kitambaa cha mkononi kumpima ananiambia asante, dada, na naogopa siku atakayoacha kusema.

Nisalimie baba mdogo na majirani wote, ila usiwaambie tena kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Ukimaliza kusoma, mpigie mkwe wako, umwambie ale, akalale kitandani kwake. Mimi usinipigie kabla hujaongea naye. Na hata ukishaongea naye, kama huna la kuniambia, nitaelewa.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Nesi