Mzee Konrad na Timu ya Kijiji Chake

Malvern, Johannesburg
Oktoba 2019

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini barua hii inakukuta umeketi, si umelala. Goti linaendeleaje? Mama bado anakukanda, au umeanza tena ubishi wako wa kusema haliumi? Na kifua cha Mama mwenyewe? Nijibuni ukweli, msinifiche kwa kuwa niko mbali. Mimi ni mzima. Nimechoka tu, Baba, uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unaijaza mwenyewe, halafu unamwambia Mama mambo ambayo sikuyasema. Mama Neema tunayesali naye hapa anarudi huko kwetu Baraka, atakukabidhi mwenyewe.

Najua mlisikia habari za vurugu. Ni kweli. Maduka mengi ya barabara yetu ya Jules yalivunjwa. Fundi cherehani, Mkongomani mwenzetu wa ghorofa ya chini, walimbebea mashine zote, hata pasi. Sisi tulijifungia ndani tukanywa uji, hatukuthubutu kwenda hata spaza, kile kiduka cha hapo kwenye kona, kununua mkate. Mimi sikuguswa. Lakini ukisikia watu wanapita chini ya dirisha lako wakiimba kwamba uondoke, kuna kitu ndani yako kinalegea, na hata wakishapita hakikazi tena upesi.

Mara ya mwisho uliniuliza, "Hivi wewe, mwanamume mzima, unalipwa kumvalisha mzee soksi?" Ndiyo, Baba. Namvalisha soksi, namnyoa, namlisha supu mikono yake ikitetemeka. Anaitwa Konrad, ni Mjerumani, alikuja nchi hii kijana kufanya kazi ya mitambo. Mkewe alishafariki. Anaishi kwa binti yake, Ingrid, mwanamke mwenye haraka na maneno machache. Miaka mitatu nimekuwa naingia jikoni kwake asubuhi, na hakuwahi kuniuliza lolote zaidi ya kama mzee amekunywa dawa.

Lakini mzee anaongea. Na kwa kuwa wewe ulipuliza filimbi miaka mingi kwenye uwanja wa misheni, nitakusimulia anachoongea, maana ni mpira mtupu. Ni timu ya kijiji chao, kijiji ambacho jina lake limenishinda kulitamka mpaka leo. Ilianzishwa na vijana wa kiwanda cha matofali pamoja na watoto wa wakulima. Uwanja walipewa na padri, malisho yake yaliyo kwenye mteremko, kiasi kwamba timu moja ilicheza ikipanda na nyingine ikishuka. Padri aliweka sharti: mpira usianze kabla misa ya pili haijaisha. Na kabla ya kuanza, wachezaji walipita na makoleo kuzoa mavi ya ng'ombe. Anasema refa mmoja aliteleza akaangukia humo, akakataa kuendelea mpaka aletewe suruali nyingine. Nilicheka nikikukumbuka wewe na kaptula yako nyeupe.

Kisha vita vya pili vya dunia vikaja. Vijana wakaenda, wengi hawakurudi, na uwanja ukalimwa viazi. Vita vilipoisha, waliobaki wakang'oa viazi wakasimamisha magoli upya. Hapo ndipo mzee alipokuwa akikatiza kila mara. Anaruka kutoka viazi mpaka siku alipokuwa golikipa. Nilidhani ni uzee.

Niliporudi kazini baada ya vurugu, nilimkuta hajanyolewa, amekasirika. Alinishika mkono.

"Walikupiga?"

"Hapana, Mzee."

"Walikuita nini?"

Nikamwambia neno wanalotuita hapa, makwerekwere, yaani watu ambao wakiongea ni kelele tu kama za ndege. Alilirudia polepole, akakosea kulitamka. Kisha akasema, "Sisi walituita watu wa mikokoteni."

Ndipo nikajua, Baba. Mzee Konrad hakuzaliwa kijiji kile. Yeye na mama yake walikuwa wakimbizi. Walifukuzwa kutoka mashariki, kwenye ardhi ambayo Ujerumani ilinyang'anywa mwishoni mwa vita, wakatembea na mkokoteni mpaka wakapangiwa chumba juu ya zizi la mkulima mmoja. Wajerumani kwa Wajerumani, lugha moja, dini moja, na bado wenyeji waliwaambia watoto wao wasiwaguse. Walipoomba kuchezea timu, mwenyekiti alijibu kwamba timu ina wenyewe. Kwa hiyo vijana wa mikokoteni wakawa wanachezea shimoni, pale kiwanda kilipokuwa kikichimba udongo, kwenye maji na matope.

Siku moja golikipa wa kijiji aliumia vidole kwenye mashine ya kupura ngano, na mechi na kijiji cha ng'ambo ya mto ilikuwa Jumapili hiyo. Kapteni, mtoto wa mwoka mikate, akaja shimoni. Akamnyooshea kidole Konrad: "Wewe, njoo udake."

Konrad akamjibu, "Tuko wanne. Tunakuja wote au haji mtu."

Kapteni akaondoka kwa hasira. Jumapili akarudi, mechi inakaribia kuanza, akasema, "Haya, wote." Basi wakacheza. Wazee kadhaa wa kijiji waligeuza viti vyao, wakakaa kuupa uwanja mgongo mechi nzima. Na unadhani walishinda? Walifungwa, Baba, walifungwa vibaya. Mwenyekiti akapiga kelele, "Mmeona?" Lakini kapteni alisema hata kama watafungwa kila Jumapili, wale wanne wanabaki. Wakabaki. Baada ya miaka michache nusu ya timu walikuwa watoto wa mikokoteni, kisha wakaoana na wenyeji, kisha hakuna aliyelitaja tena neno lile.

Sasa, mwaka huu timu imetimiza miaka mingi tangu ianzishwe, na kijiji kiliandaa sherehe. Mzee ndiye mchezaji mkongwe kuliko wote walio hai, wakaomba awasalimu kwa simu ya video. Lakini mpwa wa marehemu mkewe, ambaye bado anaishi kijijini kule, alikuwa amemwambia jambo lingine. Katika shule ya zamani ya kijiji wamewekwa wakimbizi kutoka Siria na kwingineko. Vijana wao waliomba kufanya mazoezi na timu, ambayo siku hizi haina watu, vijana wa kijiji wamehamia mijini. Kamati ikawajibu wasubiri, sherehe ipite kwanza.

"Nitawaambia walivyotupokea sisi," mzee aliniambia.

Ingrid hakujua chochote. Yeye amekua akiambiwa baba yake ni mtoto wa kijiji kile, na mzee hakuwahi kumsahihisha. Siku ya sherehe, mchana, alimvalisha koti, akaegemeza simu kwenye bakuli la matunda, akamkumbusha maneno mawili matatu ya salamu waliyokuwa wamefanyia mazoezi. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nikimshikilia mzee bega asiiname. Kwenye simu niliona ukumbi, meza ndefu, watu wengi wenye mvi.

Mzee akatoa salamu, wakapiga makofi. Kisha akaendelea. Kijerumani sikijui, nami huongea naye Kiingereza, lakini nilisikia akitaja mikokoteni, neno lile alishanifundisha, na nikaona uso wa Ingrid ukibadilika. Makofi yalikoma. Mtu mmoja kule ukumbini alichukua kofia yake akatoka. Ingrid akanyoosha mkono kuzima simu.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Mama, tafadhali. Mwache amalize."

Alinitazama kama kiti kimeongea. Lakini mkono aliushusha. Mzee akamaliza, akihema. Mwenyekiti wa sasa alisema asante kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. Kisha bibi mmoja aliyeshika fimbo akaja karibu na simu, akasema maneno machache, na mzee akafunika macho. Baadaye Ingrid alinitafsiria: alikuwa mdogo wake yule kapteni. Alisema, "Kaka yangu aliwaokea mkate usiku ule mliofungwa. Nami nilikula nanyi. Nimeona haya kwamba sote tulisahau."

Jikoni Ingrid akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

"Tangu juzi tu, Mama."

"Kwa nini akuambie wewe? Mimi ni binti yake."

Niliendelea kuosha bakuli la mzee. Akasema Jumatatu nisije, atanipigia. Nilishuka kwenda kupanda teksi, vile vibasi vya abiria vya hapa, nikijua nimepoteza kazi kwa sababu ya mpira uliochezwa kabla hata wewe hujazaliwa. Nyumbani sikumwambia mtu. Nililala tu nikitazama ukuta.

Alipiga siku chache baadaye. "Njoo," alisema. "Hataki kula mkononi mwangu." Nilipofika, mzee alikula supu yote. Ingrid akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza natoka wapi. Si nchi, alisema, mahali penyewe. Nikamwambia Baraka, kando ya ziwa.

Wiki iliyofuata mpwa akapiga simu. Kamati bado wanagombana, wawili wamejiuzulu. Lakini vijana wawili wa pale shuleni wameruhusiwa kufanya mazoezi, na mmoja anadaka. Mzee akauliza haraka, "Anadaka vizuri?" Mpwa akasema hapana, mipira inampita katikati ya miguu. Mzee alicheka mpaka nikalazimika kumpigapiga mgongo. "Basi atadumu," akasema. "Golikipa mbaya watu humpenda wakishamzoea."

Baba, mlitaka kujua kama nitarudi. Kanisani wengine wamekwisha kuondoka. Mimi bado sijaamua, na sitaki kukupa ahadi ya kukutuliza. Kila nikipanda teksi naketi karibu na mlango, na mtu akinisemesha Kizulu najibu kwa kichwa tu ili wasisikie sauti yangu. Hayo ndiyo maisha.

Ila juzi Ingrid alifungua ramani kwenye simu yake, ile yenye picha zilizopigwa kutoka angani, akaitafuta Baraka. Akaivuta karibu, akaivuta tena. "Kwenu ni wapi hapa?" Nikamwonyesha kanisa, kisha njia ya kwenda ziwani, kisha bati letu, lile lenye kutu upande mmoja, na kivuli cha mpapai wa Mama. Mzee naye akataka kuona, akavaa miwani. Wote wawili wakainamia simu wakatazama nyumba yetu kama watu waliokaribishwa ndani. Mimi nilikwenda kusuuza vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Nisalimie Mama sana, mwambie nakula. Nisalimie dada Riziki na mumewe, shangazi Sifa aliyenilea, na mchungaji wetu mzee anayeniombea. Kaka Asukulu mwambie nimepokea ujumbe wake wa kunitaka nirudi, na sijakasirika. Jirani yetu fundi wa mitumbwi naye mpe mkono wangu.

Mungu awatunze hapo nyumbani, chini ya bati hilohilo.

Ni mimi mwanao,
Elisha