Mikunjo ya Mtoto wa Wubit

Dessie, 25 Miazia

Mdogo wangu Hirut,

Hujambo huko Addis? Sisi wazima, Mungu asifiwe.

Leo daktari wa kigeni kanipima tumbo kwa mashine ya picha. Anasema ubongo wa mtoto ni laini kupita umri wake, mikunjo haionekani. Nirudi baada ya mwezi. Hirut, hii ndiyo mimba ya kwanza kunikalia. Mume wangu Dereje analalamika kwamba sili, na ni kweli. Wewe si unashinda maabarani na bongo za mfano unazotengeneza kwa jeli? Niambie ukweli, usinibembeleze.

Dada yako, Wubit


Addis Ababa, 2 Ginbot

Dada Wubit,

Salamu nyingi. Kula kwanza, ndipo usome.

Ubongo wa kila mtoto huanza laini. Tabaka la nje hukua haraka kuliko la ndani, na la ndani limelishikilia. La nje likikosa pa kwenda, linajikunja. Jeli yangu hufanya hivyo hivyo: ngozi yake hunywa maji, huvimba, hukunjamana. Ukiichungulia mapema, ni laini kama yai. Sasa nijibu: ulimtajia daktari tarehe ya hedhi ya mwisho kwa kalenda yetu ya Kihabeshi, au ya wageni?

Mdogo wako, Hirut


Dessie, 8 Ginbot

Hirut, u mzima?

Nilisema Hidar ishirini. Karani akamtafsiria, Novemba ishirini. Kwani nani hasemi Hidar ni Novemba?

Dada yako


Addis Ababa, 13 Ginbot

Dada, pole na mawazo.

Hidar ishirini yetu, kwa kalenda yao, ni Novemba ishirini na tisa! Wamemzeesha mwanao zaidi ya wiki, na katika umri huo wiki ina mambo. Mwambie daktari. Siwezi kukuahidi kitu, nami naogopa.

Mdogo wako


Addis Ababa, 30 Ginbot

Dada, siku ya kipimo imepita. Mko salama? Sifanyi kazi, natazama simu tu. Andika hata neno moja.

Hirut


Dessie, 2 Sene

Mdogo wangu kipenzi,

Hatujambo, hatujambo kabisa! Usinigombeze, nilikuwa nimelala. Mwezi mzima sikuwa nimelala.

Mikunjo ipo! Daktari alinionyesha kwa kidole, hapa na hapa. Nililia mpaka akaniletea kiti, na habari ya Hidar ikamchekesha mwenyewe. Nyumbani nikamtaka mama mkwe anipikie genfo, ugali wa shayiri wenye siagi. Akaning'aka, "We mwanamke, genfo ni la aliyejifungua!" Nikamwambia, "Pika tu, utapika tena."

Njoo nikijifungua, Pagume, mwezi wetu wa kumi na tatu, upige vigelegele. Mwezi huo wao hawana, hakuna wa kuukosea.

Dada yako, mama wa mikunjo