Kungwi Katokea Wawili Kwenye Video Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana hapa nilipo chakula hakipiti. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nane, napiga video za sherehe, nina studio yangu ndogo Msamvu, na nimepeleka posa kwa binti wa Kinole anaitwa Raya, wakaipokea vizuri tu, na balaa lenyewe limeanzia hapo hapo kwenye kupokelewa.

Mwezi uliopita mdogo wake Raya alitolewa mwali, ukoo ukasema mkwe wetu ana kamera, ya nini kutafuta mtu wa nje, na mimi kwa kutaka sifa nikawaambia nitawatolea kitu cha sinema kabisa, wasahau hizi video za kawaida wanazoziona. Nikapanda mlimani Kinole na mwenzangu Abdulatif, mimi na kamera yangu iliyowekwa fremu, yaani picha, ishirini na tano kwa sekunde, yeye na simu yake inayopiga thelathini, sikumwuliza wala yeye hakuniuliza, nyumbani nikafungua kazi mpya ya kuediti nikaiweka ishirini na nne kwa sababu kuna mtu mtandaoni alisema sinema zote ndivyo zinavyotengenezwa, kompyuta ikaniuliza kama nataka setingi zilingane na video nilizoingiza, nikabonyeza hapana bila kusoma, halafu kuna kijisanduku cha kuchanganya fremu nikakiwekea tiki kwa kuwa kilionekana cha kitaalamu, nikaitoa kazi, nikaipeleka Kinole bila kuitazama mpaka mwisho.

Mshauri, kungwi wa mwali ni bibi yake Raya, Bi Mwaisha, mama wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyewacheza wali wa ukoo ule miaka yote. Siku ile alicheza peke yake mbele ya mwali, wengine wamesimama, na Abdulatif ndiye aliyempiga na ile simu. Sasa kwenye video Bi Mwaisha anaonekana na mwili wa pili, mwepesi kama moshi, akinyanyua mkono kuna mkono mwingine unamfuata, akigeuka kuna uso mwingine bado unatazama ulikotoka. Waliosimama wote wako sawa, yeye tu. Ukoo mzima uliiona hivyo, sebuleni kwao. Mjomba Twalibu, ndiye mkubwa wa ukoo, akaniuliza mbele ya watu, "Mkwe, hicho kitu umekiweka wewe?" Nikaona nikisema nimekosea setingi nitachekwa na Raya yupo pale na kanga yake mpya, nikajibu, "Mjomba, kamera inaandika inachokiona, mimi sijaongeza kitu." Mjomba akatikisa kichwa akasema, "Kweli. Kamera haina ukoo, haiwezi kumwonea mtu."

Tangu hapo wanasema Bi Mwaisha ana mtu wake anayetembea naye. Wamekumbuka mwali aliyechelewa kuzaa, wamekumbuka na ng'ombe aliyekufa. Wanawake wamewazuia watoto kwenda kwake. Jumamosi ukoo unakaa kumvua ukungwi, na mimi nimeombwa nilete video ili ioneshwe tena kwa wale ambao hawakuwepo. Raya analia tu. Nikisema ukweli nitaonekana sijui kazi, na posa yangu je? Au ninyamaze, labda yatapoa yenyewe? Kadi zenye video za mwanzo, za kamera na za simu, bado ninazo lakini Ijumaa nina harusi Gairo, nilikuwa nataka kuzifuta nizitumie. Nishauri.

Mkwe Mtarajiwa, Msamvu

*

Mkwe Mtarajiwa, pole. Ishike vizuri pole hiyo, sina nyingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevua miwani kwa hasira. Umeniandikia habari za chakula kutopita kooni mwako. Bi Mwaisha chakula kinapita? Hukuandika. Umeandika kanga mpya ya Raya, lakini bibi alikuwa amekaa wapi wakati video inaoneshwa, na alisema nini, hilo hukuliona. Mpiga picha gani wewe?

Kwanza tumalize la mashine. Nimemwita Gervas, anayetutengenezea video hapa gazetini, nikamsomea. Alicheka mpaka akaomba maji, nilipofika kwenye Jumamosi akaacha kucheka. Anasema hivi: simu ilipiga picha thelathini kila sekunde, wewe ukailazimisha kompyuta itoe ishirini na nne. Sita zinabaki hazina pa kukaa. Na kwa ile tiki yako ya kitaalamu, kompyuta ikazipachika juu ya nyingine, mbili zikawa moja. Mtu aliyetulia, picha zake mbili zinafanana, hutaona kitu. Anayecheza, mkono kwenye picha ya kwanza na ya pili hauko mahali pamoja, unaona miili miwili. Hakuna jini hapo. Kosa la Bi Mwaisha ni kucheza vizuri wakati wengine wamesimama wamekunja mikono.

Namba ni moja tu, baba, unapopiga, unapoediti na unapotoa. Mwulize mwenzako kabla hujawasha kamera. Kompyuta ikikuuliza swali, lisome. Hiyo mashine imekuwa muungwana kuliko wewe, imekuuliza kama una uhakika, ukaijibu kwa kiburi. Na huyo wa mtandaoni aliyekufundisha sinema hajui Kinole iko wapi na Jumamosi hatakuwepo.

Sasa tuje kwenye dhambi yenyewe, maana setingi ni kosa na makosa tunayo sote. Uliulizwa na mtu mzima, mbele ya watu, swali la wazi kabisa. Ulikuwa na jibu mfukoni. Ukaona heri mama aliyelea ukoo mzima aitwe mchawi kuliko wewe kuitwa mwanagenzi. Halafu unaniuliza kama ninyamaze yapoe. Ya kwako yatapoa. Yeye atazeeka peke yake katika nyumba ambayo watoto wamekatazwa kuingia, na wewe utakuwa unakuja sikukuu na soda kumsalimia.

Nisikilize. Kadi hizo zitoe kwenye begi leo, mkabidhi mtu mwenye akili, siyo Abdulatif. Gairo nenda na kadi nyingine, ukikosa azima. Ile sehemu ya bibi fungua kazi mpya ya fremu thelathini, ondoa tiki, itoe kwa thelathini hizo hizo. Utamwona akicheza mmoja, kama Mungu alivyomwumba.

Alhamisi panda Kinole. Usianze kwa Mjomba, anza kwa bibi. Mpe shikamoo, kaa chini, mwoneshe, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea na ukadanganya. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye kuwa moja. Akikutukana, kaa utukanwe. Raya awepo asikie.

Kisha nenda kwa Mjomba Twalibu. Najua wazee wa namna yake, maneno hayatamtosha, ameshaiona kwa macho yake. Basi mwombe atembee uwanjani akipunga mikono, mpige kwa simu ile ile, uipitishe kwenye setingi zako mbovu pale pale, umwoneshe. Akijiona na yeye ana mtu wake anayemfuata nyuma, mwache akae nayo kidogo. Halafu umwulize kama Jumamosi ukoo uwajadili wawili au uache.

Kuhusu posa sina ahadi. Raya anaweza kukuacha, na akikuacha mimi sitamlaumu. Lakini akuache akijua ulichokifanya. Ukinyamaza, utaoa, na kila atakapomkumbuka bibi yake akilia, utakuwa umelala pembeni yake ukijua.

Jambo la mwisho. Majina yote nimeyabadilisha, hata la kijiji ningeweza kulibadilisha lakini sikutaka. Gazeti hili linatoka leo Jumatano. Magari yanayoshusha matunda mjini hurudi nalo mlimani, na kule juu husomwa Ijumaa mchana, kwa sauti, wasiosoma wakisomewa. Kinole wametoa mwali mmoja tu mwezi uliopita, hawatahitaji jina. Una siku moja ya kumfikia yule mama kabla yangu.