Neno la Kwanza Kitabuni

Jumatatu, 25 Machi 2019

Mimi ni mtu wa bahati, na asiyeamini aje hapa mjini Neijiang aulize. Mke wangu Yanmei yuko Auckland, anapika kwenye mkahawa wa Wachina wenzetu, na kila Jumapili, mvua inyeshe au jua liwake, ananipigia simu. Wanaume wangapi wa mtaa huu wanalala na wake zao kitanda kimoja na hawasemezani? Mimi bahari nzima iko katikati, na tunaongea mpaka simu inachemka. Nilifanya kazi ya treni miaka mingi, nimewamiminia watu chai kuanzia Harbin hadi Urumqi. Watu nawajua. Mke kama yule hapatikani kwa kutafuta.

Leo nimeanza darasa la Kiingereza kwenye ukumbi wa mtaa, ili nimfuate. Mwalimu Shu, binti mdogo mwenye miwani ya waridi, katugawia kitabu cha maneno. Neno la kwanza: "abandon". Kutelekeza. Nikakasirika palepale. Neno hili nalijua! Nilikutana nalo shuleni kabla sijafukuzwa, nikakutana nalo tena kwenye treni. Kila kitabu cha maneno nchi hii kinaanza nalo, eti ndiyo mpangilio wa herufi. Kila mtu analikariri siku ya kwanza, kisha kitabu kinaenda kabatini. Ukurasa wa kwanza mweusi kwa vidole, wa pili mweupe kama tofu. Taifa zima linajua kutelekeza kwa Kiingereza, halijui kuomba maji ya kunywa. Nani huanza safari kwa kumfundisha abiria kushuka?

Alhamisi, 28 Machi 2019

Mwalimu kaeleza matumizi. Gari limekwama kwenye theluji, unaliacha unakwenda zako — hilo neno linafaa. Meli inazama, mnaihama — linafaa. Mpango umeukatia tamaa — linafaa. Lakini likiwa la mtu, anasema, lazima awe mtu aliyekutegemea, na wewe uwe huna nia ya kurudi. Kumwacha mkeo stesheni ukanunue maandazi si "abandon".

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike sentensi ya kweli kutoka maishani mwake, aitume kwenye kundi letu la simu. Ou, yule kinyozi wa kona, mbwa yule, katuma hii: "Mke wa Pang amemtelekeza Pang."

Pang ndiye mimi, na darasa zima linaisoma. Na mwalimu je? Kasahihisha kitenzi, kaweka nyota.

Ijumaa, 29 Machi 2019

Nimemfuata mwalimu asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha tambi.

"Mwalimu, ile sentensi ifute."

"Baba Pang, haina kosa."

"Haina kosa la sarufi. Utu wake ndio umeoza."

"Basi ikanushe. Andika ya kwako."

Nikaandika kuwa mke wangu hatelekezi. Akauliza, hamtelekezi nani? Eti neno hili haliendi peke yake, lazima awepo wa kutelekezwa. Nikashika kalamu mpaka chai yake ikapoa. Mwisho nikaandika: mama yake. Maana mama mkwe anaishi kwangu tangu Yanmei aondoke. Mimi ndiye ninayempikia, mimi ndiye ninayemwekea miguu kwenye maji ya moto kila jioni na kumsugua visigino, na hakuna aliyenilazimisha. Mwalimu akanipa nyota. Akae na nyota yake.

Nilipokuwa nakariri jikoni, Mama akanisikia. "Mwanangu, hiyo 'abandoni' ndiyo nini?"

"Ni kusafiri kikazi, Mama. Halafu unarudi na zawadi."

Akalipenda. Kalirudia huku akimenya vitunguu saumu, mpaka bakuli likajaa.

Jumapili, 31 Machi 2019

Yanmei kapiga. Mzima. Mama aliomba aongee naye, mtandao ukawa mbovu.

Jumatano, 3 Aprili 2019

Keshokutwa ni siku ya kufagia makaburi ya wafu wetu. Mama alikwenda kwa Ou kukatwa nywele, apendeze mbele ya kaburi la mumewe. Huko kawatangazia wateja, kifua mbele: "Binti yangu ametuabandoni, kwa hiyo zawadi zinakuja." Hakuna aliyecheka.

Nimeyapata kwa jirani, nikaacha sufuria motoni, nikaenda kumvunja Ou pua.

"Umemwambia nini mama yangu?"

"Sijamwambia kitu, kaka, naapa. Aliniuliza maana yake hasa. Nikasema sijui. Akanitazama kwenye kioo, akasema, 'Hata wewe, Ou, mwenye mdomo mchafu kuliko wote, unanionea huruma? Basi ni baya kuliko nilivyodhani.'"

Sentensi yake kaifuta mbele yangu. Sasa ya nini? Pua yake nimeiacha.

Nimerudi nyumbani. Mama kakaa kwenye benchi la mlangoni, kavaa koti, kifurushi magotini.

"Kila Jumapili unatoka na simu kwenye ngazi," kasema. "Ukuta wetu mwembamba, baba. Nasikia maswali yako, nasikia kicheko chako. Sijawahi kusikia ukinyamaza ili mwenzako ajibu."

Nikasema Yanmei haongei sana.

"Yanmei? Huyo alianza kuongea kabla ya kutembea. Sikiliza. Tukishafagia kaburi la baba yenu, nakwenda kwa mwanangu Mianyang. Mkwe asiye na mke hana mama wa kulea."

Hapo hasira ya wiki nzima ikapata pa kumwagikia. "Huyo mwanao? Hata mwaka mpya hakukupigia. Mkewe anatia pilipili kwenye chakula tone moja moja, kama anatia dawa ya macho. Nani atakusugua visigino kule?"

"Usinipigie kelele, nijibu. Amekupigia lini mara ya mwisho?"

Nikasema ngoja nitazame maji jikoni. Ndipo nilipo, naandika juu ya ubao wa kukatia tambi. Birika linapiga mluzi na silitoi. Yeye bado yuko pale kwenye benchi, koti hajalivua.

Yanmei hapigi Jumapili. Hapigi siku yoyote. Namba yake haipatikani tangu kiangazi kilichopita, na mimi nimekuwa nikisimama kwenye ngazi nikicheka na simu iliyozimwa. Nimeudanganya mtaa, nimemdanganya Mama, nikaja kudanganya hata humu, ambamo hakuna anayesoma.