Watazamaji wa Kiwanja cha Mahameni

Runazi, Biharamulo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii anakusomea Dada Paskalina. Naye namwamkia shikamoo, na namwomba asome polepole, asiruke mahali. Goti lako linaendeleaje? Na mpunga wa bondeni, mvua imeuhurumia? Mimi mwili ni mzima. Homa niliyowaandikia imekwisha, na ugali wa muhogo wa huku nimeuzoea hata naona nimenenepa. Kuna jambo moja tu limenikaa moyoni, na sina wa kumwambia ila wewe.

Kijiji ninachofanyia kazi yangu ya ubwana shamba ni cha watu waliohamishwa. Kwao kwa zamani ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, ng'ambo ya kilima. Nyumba zimeanguka, migomba imemezwa na pori, wenyewe wanapaita mahameni. Kimebaki kiwanja cha mpira tu. Kilikuwa cha timu yao, Radi, ambayo wazee wakianza kuizungumza hapa dukani, aliyekuja kununua chumvi anasahau chumvi. Vita ya Uganda ilipoanza, vijana wanane wa Radi waliingia mgambo, wakapanda lori moja kwenda mpakani. Vita imekwisha, na vijana wa vijiji vingine wamerudi. Wa Radi hakurudi hata mmoja, wala haikuja barua ya kusema wamekufa.

Baada ya mavuno niliagizwa nikipime kiwanja hicho kiwe shamba la kijiji, maana udongo wake ni mzuri na hakina visiki. Nikamwomba Mzee Bugoye anionyeshe njia. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza vifaa wa Radi. Akaniambia nisubiri Jumapili, kwa kuwa siku hiyo huwa anakwenda.

Nilidhani tutakuwa wawili. Tulikuwa watu kama thelathini, wanaume kwa wanawake, na Mzee Bugoye mbele yetu na sanduku la mbao kichwani. Tulipofika nilikuta nyasi fupi na mistari mipya ya majivu. Milingoti ya goli, ambayo zamani ilichimbiwa ingali mibichi, imechipua majani. Mzee akafungua sanduku, akatoa jezi zilizopauka, ngao ya mbao waliyoshinda huko Ngara, na picha moja iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Wakapokezana. Kila mtu alinusa jezi kabla ya kuirudisha. Kisha wakajipanga kando ya mstari, wakakaa, wakautazama uwanja mtupu.

Mama, mwanzoni nilicheka moyoni. Nilidhani ni kuwakumbuka tu, kama sisi tunavyokwenda kufyeka makaburini. Halafu nikaona vichwa vyao. Vilikuwa vinageuka pamoja, kushoto, kulia, taratibu, kisha haraka, na hakuna aliyewaongoza. Mara wote wakashusha pumzi kwa pamoja, kama watu walioponea chupuchupu. Karibu yangu alikaa Mama Sospeter, ambaye mwanawe alikuwa winga wa kulia wa Radi. Yeye aliutazama upande wa kulia tu. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba leo mwanawe amechoka kidogo, tena wenzake hawampi mipira.

Ilikuwa saa tisa mchana na jua lilikuwa kali. Mimi nilihisi baridi. Nikajikuta nami nimegeuza kichwa pamoja nao.

Sikupima kitu siku hiyo. Nilirudi Jumapili ya pili na ya tatu, nikijidanganya kwamba nachunguza udongo.

Jumapili ya nne Sospeter akaja. Alishuka kilimani mchana kweupe, mwembamba, na fimbo mkononi, akiburuta mguu mmoja. Alikuwa amelazwa hospitali huko Uganda muda wote huo. Alipofika kijijini akakuta milango imefungwa, akajua watu wako wapi. Mama yake akamtazama. Kisha akageuka, akautazama upande wa kulia wa uwanja. Kisha akamtazama tena. Ndipo akainuka, akampa mkono kama unavyompa mgeni, akamsogezea mahali pa kukaa.

Sospeter akakaa kati yetu. Alitazama uwanjani kwa muda, nikaona na kichwa chake kinaanza kugeuka. Akaniinamia.

"Nani yule anacheza nafasi yangu?"

Nami nikautazama upande wa kulia, Mama.

Jioni ile Sospeter aliwaeleza wazazi habari za wenzake saba. Wawili aliwazika kwa mikono yake, waliobaki aliwaona wakianguka. Matanga yakakaliwa katika nyumba saba. Lakini Jumapili iliyofuata watu wakaenda mahameni vilevile, na Mama Sospeter akaenda nao, akamwacha mwanawe nyumbani. Alimpikia, alimfulia, lakini akimtaja kwa majirani alisema "mgeni wetu."

Ulipopita mwezi, Sospeter alinifuata ofisini.

"Bwana shamba, kilime kile kiwanja," akasema. "Kila Jumapili mama anarudi kunisimulia nilivyocheza."

Nilikwenda kwanza kwa Mzee Bugoye. Akasema kwamba vijana wale wamekimbia vya kutosha, wapumzike. Sanduku lake tu lisiguswe.

Tuliwaita Wasukuma wawili kutoka Nyakahura, wenye maksai na plau. Upande wa kushoto ulilimika vizuri. Tulipofika upande wa kulia maksai wakasimama. Walichapwa, wakabembelezwa, wakabaki wanatetemeka ngozi, macho yameelekea mahali pamoja mbele yao ambapo mimi sikuona kitu. Sospeter akatupa fimbo yake, akashika kamba, akawatangulia akichechemea. Wakamfuata. Alilia tangu kona moja hadi nyingine, nasi tukajifanya hatumwoni.

Jumapili watu wakaenda tena. Walisimama ukingoni mwa matuta, wala sanduku halikufunguliwa. Nilivitazama vichwa vyao. Kila mmoja alikuwa anatazama kwake, huyu chini, huyu kilimani, huyu mikono yake mwenyewe. Mama Sospeter ndiye aliyeondoka wa kwanza, nami nikamfuata nyuma kwa kumhofia.

Tulimkuta Sospeter uani, anamenya muhogo. Mama yake akasimama mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku.

"Mwanangu," akasema, "umerudi lini?"

Sospeter alikuwa na wiki ya sita pale nyumbani. Akaweka kisu chini.

"Leo, mama."

Nimeomba likizo, wakubwa wamekubali, nakuja kabla mpunga haujaiva. Nisalimie Mjomba Fidelisi fundi cherehani, Shangazi Yustina mkunga wetu, na shemeji anayevua kambale. Mwambie mtego wake nitamsaidia kuutega. Watoto wa Dada wabusu wote bila kumsahau yule mtundu.

Magoti yako nayapigia magoti.

Mimi kitindamimba wako,
Anselimu