Vitita Vitano Kwenye Meza ya Chenji

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Limbe
Tarehe: 13 Oktoba 2025. Saa: 3:20 asubuhi
Jina: Takondwa Chiwaula
Umri: Miaka 24
Elimu: Kidato cha nne
Kazi: Muuzaji, duka la vitambaa
Makazi: Bangwe, Blantyre

Na ndiyo maana, Afande, nilikuambia pale mapokezini kwamba siwezi kuanza na siku mume wangu alipokamatwa. Lazima nianze na siku alipoazima mgongo wangu.

Mume wangu ni Limbikani Chiwaula, miaka 28. Ni karani wa hesabu katika mfuko wa hisani wa taifa unaosaidia wasichana wa shule kucheza netiboli. Tumeoana miezi minne na siku sita. Umesema nitaje yanayohusu kesi tu, lakini hili linahusu: ni mtu anayetunza hata risiti ya nyanya. Ua la kwanza alilonipa aliliandikia bei na tarehe, si kwa uchoyo, ila asije akasahau. Sijaona mwanaume mwingine wa namna hiyo.

Mnamo tarehe 6 Juni 2025, siku ya Ijumaa, saa saba mchana, tulikuwa uwanja wa kanisa tukifanya mazoezi ya kuingia kwa harusi. Akaja dereva wa mfuko, Bwana Saizi, na karatasi mkononi. Alisema, "Bwana harusi, sahihi tu. Bosi anawahi benki."

Mume wangu aliuliza, "Za nini?"

Dereva akasema, "Za kambi ya netiboli kule Salima. We vipi, kesho unaoa, leo unataka kusoma gazeti?"

Wasimamizi wetu walicheka. Pale hapakuwa na meza. Mume wangu akanigeuza taratibu, akaweka zile karatasi mgongoni mwangu, akasaini. Nilisikia kalamu ikitembea mara tatu. Nilikuwa nacheka kwa sababu ilinitekenya, na pia kwa furaha. Nilijiona mke wa mtu tayari. Siku hizi usiku nikilala chali nasikia kalamu ileile.

Tarehe 7 Juni, Jumamosi, tulifunga ndoa saa nne asubuhi. Sherehe ilianza saa nane mchana katika ukumbi hapa Limbe. Wewe ni mwenyeji, unajua perekani-perekani ilivyo: mshereheshaji anaita watu kwa makundi, wanacheza mbele ya maharusi na kurusha noti ndogondogo kwenye beseni. Mwenye noti kubwa hupitia kwanza meza ya chenji. Meza yetu ilishikwa na shangazi yangu, Bi. Edina Namalomba, anayeuza dagaa sokoni. Yeye huandika kila anayechenji, jina na kiasi, kwa sababu harusi ya binti yake mtu mmoja alidai kapunjwa na ngumi zikapigwa.

Mgeni rasmi alikuwa Mkurugenzi wa mfuko, Bwana Dasten Mangulama. Saa kumi na dakika kumi hivi mshereheshaji aliita, "Upande wa ofisini! Perekani, perekani! Mwenye tai nyekundu asijifiche nyuma ya nguzo, tumemwona!"

Tai nyekundu ilikuwa ya Mkurugenzi. Alikwenda meza ya chenji na mkoba mweusi. Meza ilikuwa kama hatua nne kutoka kiti changu. Nilimwona akitoa vitita vya noti za elfu tano, bado vina utepe wa benki. Alisema kwa sauti kubwa, "Shangazi, nichenjie zote. Leo nacheza mpaka suruali iombe msamaha."

Shangazi akamjibu, "Baba, chenji ya kiasi hicho sina hata nikiuza na ukoo. Cheza kwa zamu."

Alichenji mara tatu, kadiri beseni lilivyojaa na noti ndogo kurudishwa mezani. Aliwagawia wafanyakazi wote, akisema, "Ofisi ni familia, rusheni!" Walicheza zaidi ya nusu saa. Noti za mia tano zilinasa kwenye shela yangu. Nilimnong'oneza mume wangu, "Bosi wako anakupenda hivi?" Aliniambia, "Hata mimi sijui, mama." Alikuwa anatabasamu, lakini alikuwa anavitazama vile vitita. Nadhani alianza kuhesabu. Mimi nikamvuta tukacheze.

Baada ya sherehe niliokota kila kitu: maua, kadi, kijiko cha keki. Niliokota na zile tepe tano za karatasi chini ya meza ya chenji, nikaziweka kwenye kopo la biskuti.

Tarehe 8 Juni, Jumapili, tulihesabu. Zilipatikana kwacha 6,940,000. Tarehe 9 Juni, Jumatatu, tulikuwa dukani kabla halijafunguliwa, tukanunua friji na kitanda. Nilikibusu kile kitanda mbele ya muuzaji. Fedha nyingine tuliweka malipo ya awali ya kiwanja.

Tarehe 22 Septemba alifika ofisini kwao Bi. Tionge Msiska, mkaguzi aliyeletwa na wafadhili kutathmini uwajibikaji na matumizi ya mfuko. Mume wangu alimfurahia. Alirudi nyumbani akisema, "Huyu mama hasomi makaratasi tu, anakwenda kuuliza wenyewe." Alikwenda kweli hadi Salima. Hati zilionyesha kwacha 2,500,000 zilitolewa tarehe 6 Juni kwa kambi ya wasichana. Wasichana walimwambia hakukuwa na kambi. Walisimama kwenye geti la shule na mabegi yao Jumatatu tarehe 9 Juni, tangu saa kumi na mbili asubuhi, wakingoja basi. Waliondoka getini jua lilipozama. Hayo sikuyasikia mimi mwenyewe. Mume wangu aliyasoma kwenye ripoti, akanieleza huku ameshika kichwa.

Hati zote tatu zina sahihi yake: ya kuomba, ya kuthibitisha na ya kupokea. Mkurugenzi aliwaambia wafanyakazi, "Nani hakuona harusi ile? Karani wa mshahara ule atapata wapi noti zile?" Tarehe 10 Oktoba, Ijumaa, saa tano asubuhi, mume wangu alichukuliwa.

Usiku huo nilifungua kopo nipate cha kunifariji. Nikaziona zile tepe. Zote tano zina muhuri wa benki wa tarehe 6 Juni, siku ileile fedha za kambi zilipotolewa. Alfajiri nilikwenda kwa shangazi. Daftari lake alikuwa analitumia kwa madeni ya dagaa, ila kurasa za harusi zipo. Imeandikwa kwa mkono wake: "Bosi wa Limbikani, 1,000,000. Tena 1,000,000. Tena 500,000. Kamaliza."

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba, nilimletea mume wangu nsima na maharage hapa kituoni. Nilimweleza. Hakula. Alisema, "Ukilitoa hilo daftari, watasema fedha tumekula sisi."

Nilimwambia, "Tumekula, mume wangu. Hatukujua, lakini tumekula. Friji si lile nyumbani linanguruma?"

Alifunika sahani. Kisha akasema, "Basi peleka. Na risiti ya friji iko ndani ya Biblia."

Naogopa, Afande. Naogopa kwamba nimekuja kumtoa na nitaishia kuwekwa naye. Sikumwona Mkurugenzi akiwa benki. Niliyemwona ni mtu wa tai nyekundu mwenye vitita vitano, na nilimwona vizuri kwa sababu nilikuwa nimeketi juu kuliko watu wote.

Nakabidhi daftari moja, tepe tano na risiti mbili, ya friji na ya kitanda. Nyuma ya tepe niliandika maneno ya kumwambia mume wangu siku ile ya harusi. Naomba yasisomwe kwa sauti.

Nimemaliza niliyoyaona na niliyoambiwa, kila moja mahali pake. Nimesomewa, na sijaona neno la kufuta.

Sahihi ya shahidi: T. Chiwaula

Maelezo ya afisa: Yameandikwa na mimi, Sajenti B. Kamtedza. Vielelezo vimepokelewa. Maandishi nyuma ya tepe nimeyasoma kimyakimya. Bi. Edina Namalomba ameitwa kesho saa mbili asubuhi. Mtuhumiwa bado anahojiwa.

Nyongeza kwa ombi la shahidi, saa 4:45 asubuhi: Mnunuzi wa friji anakuja leo jioni, na kitanda kitafuata. Kiwanja nacho nitakirudisha. Hazitafika milioni mbili na nusu kwa mara moja, ila fedha nitazikabidhi hapa, mbele yako, kwa maandishi. Kisha kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda Salima mwenyewe, awe mume wangu ametoka au hajatoka. Nitasimama pale getini saa kumi na mbili asubuhi, ili wale wasichana wamwone bibi harusi waliyemchangia. T.C.