Mdimu wa Mama Yako na Maji ya Shela

Rahima mwanangu,

Wallahi yote ninayoandika hapa ni kweli tupu, hata mama yako akicheka.

Mdimu ulio ndani ya mtungi uliovunjika shingo uvute kivulini kabla jua halijafika uani. Majani yaliyoungua usiyakate.

Asubuhi hii nimeaibishwa. Mama yako ameyaona majani hayo, akaniuliza, "Bwana Jeilani, mti wangu unaunywesha maji gani?" Nikamwambia ni maji matamu ya Shela, nayafuata kila alfajiri. Ila leo jini mmoja, mkavu kama samaki wa ng'onda, alinifuata ndiani akapiga chafya ndani ya debe. Nikamsomea Ayatul Kursi mpaka akakimbia. Na shukurani yangu ndiyo hii?

Mama yako alitia kidole kwenye udongo, akakilamba. "Haya ni maji ya chumvi ya kisima cha hapa Langoni," akasema. "Kumbe jini wako ni jirani yetu."

~~Kisima hicho mimi sikijui.~~ Nimekata mstari huo. Nilipoacha unahodha, magoti nayo yaliacha kazi, na Shela ni mbali. Lakini mbegu ya mdimu huu ilitoka kwa bibi yako marehemu, kisiwani Pate, na mti wa kule umekwisha anguka. Umebaki huu tu.

Basi nimekwenda Shela, debe begani. Punda wetu ameamriwa na mama yako apumzike. Msiunyweshe mti mpaka nirudi. Nitakwenda hivi kila siku mpaka udongo uishe chumvi, na wa kuulamba ni mimi.

Baba yako,
punda wa leo